Usimfiche Mtoto Mwenye Mdomo Uliopasuka

Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Michael Wood na wenzake wawili walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref. Wood aliendesha ndege mwenyewe kwenda kutibu wagonjwa wa mashambani. Ndege ilimfikisha daktari hospitalini, lakini haikumfikia mtoto aliyefichwa nyumbani.

Mama, mdomo uliopasuka si laana wala si kosa lako. Mtoto akishindwa kunyonya, kamua maziwa, mpakate akiwa wima, mnyweshe polepole kwa kikombe na kijiko. Mpeleke kliniki apimwe uzito, na uulizie upasuaji. Mdomo hushonwa kuanzia miezi 3 hivi.