Ukitengeneza Gari Nyumbani, Tajiri Ni Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi.)



Katibu ametuomba tuwaeleze habari ya kazi tuliyoifanya wakati wa likizo huko kwetu Kathonzweni. Wengi wenu mmesikia kwamba tulikwenda kufufua pikapu ya mzee wetu, na mmetuuliza njiani kama gari lile lawaka au haliwaki. Lawaka. Lakini hatukusimama hapa kujisifu. Tumesimama kwa sababu katika kazi ile tulifanya mambo yale yale tunayowapigia kelele waajiri kila mwaka, na ni afadhali tuyaseme wenyewe kuliko kusemwa na watu.

Sisi tu watu wanne, mafundi watatu na dereva mmoja. Mwenye gari ni mwanachama mwenzetu aliyekwisha kustaafu. Kiinua mgongo chake alinunulia pikapu ya Peugeot 504 iliyokuwa imetumika, akarudi nayo nyumbani. Kwa miaka mingi ilimchukulia maembe na ndengu kwenda Wote, na siku za ukame ilibeba mapipa ya maji. Kisha ikaanza kuchemka kila mlima, mwisho ikazimika kabisa, ikaachwa chini ya mwembe. Jua likala rangi yake, kuku wakataga ndani ya boneti, panya wakatafuna waya. Tangu siku hiyo mzee alikodi gari la watu kila msimu, na faida ya maembe ikaishia katika nauli. Ndiyo maana alitwita. Hakutaka gari la kutazamwa, alitaka gari la kazi.

Wako watakaosema gari la zamani ni la kuuzia watu wa vyuma vikuukuu. Sisi hatukubali. 504 ilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1968, na pikapu yake ikafuata mwaka 1979. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975, na tena mwaka 1978. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa Kenya, mjini Mombasa, kwa mikono ya wafanyakazi kama ninyi. Na injini yake ni ya kueleweka. Ina silinda nne, na kila silinda ina laina yake iliyozungukwa na maji, ambayo ikilika yaweza kutolewa na kutiwa nyingine bila kuchonga injini nzima. Hakuna kompyuta ndani yake. Mtu mwenye spana, macho na subira aweza kuitengeneza chini ya mti.

Basi tukaanza. Siku ya kwanza tulitoa betri. Waya wa kutangulia ni ule wa hasi, kwa maana ukianza na wa chanya, na spana yako ikagusa bodi, cheche zitaruka. Tukachora katika daftari mahali pa kila waya na kila mpira, tukaweka nati na bolti katika makopo, kila kopo na jina lake. Mpaka hapo tulifanya kama mafundi.

Alikuwapo pia kijana mmoja, mtoto wa dada yake mzee, aliyemaliza shule na hajapata kazi. Huyo alikuja asubuhi ya kwanza kusalimu, tukampa brashi ya waya, naye akabaki. Hakuna aliyemwuliza atapata nini. Alikula muthokoi pamoja nasi mchana, na sisi tukaona yatosha.

Kazi ya kusafisha tulimwachia yeye. Palipokaa betri chuma kilikuwa kimeliwa na asidi, kimefanya unga mweupe na wa kijani. Dawa yake yajulikana: ni maji ya magadi, yale yale ya jikoni. Yakimwagwa juu ya asidi hutoa povu, na povu likikoma asidi imekwisha nguvu. Lakini glavu hatukuleta, na kijana alisugua kwa mikono mitupu kabla hatujakumbuka hayo magadi. Jioni vidole vyake vilikuwa vinachunika.

Siku ya pili mafuta ya taa yalikwisha, na duka li mbali. Mmoja wetu akamimina petroli katika sufuria kuukuu, akasema, “Osha kwa hii, yakauka upesi.” Ndugu, nani kati yenu hajui kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na kwamba hutambaa chini mpaka ukute moto? Jiko la makaa lilikuwa mbali kidogo tu, penye chai yetu. Siku hiyo Mungu alituepusha.

Siku ya tatu tulikwangua kutu na rangi ya zamani. Rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, na gasketi za zamani zaweza kuwa na asbesto. Vumbi la namna hiyo haliumizi leo, huumiza baada ya miaka. Yafaa msasa uloweshwe maji, na mtu afunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Sisi tulikwangua pakavu, kisha tukapuliza vumbi kwa mdomo.

Sasa fikirini. Karakana ya mwajiri ingalikuwa hivyo, sisi tungalikuwa wa kwanza kumwita mwakilishi wa chama. Tungalimtajia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Lakini pale chini ya mwembe hakuna mkaguzi, hakuna msimamizi, na hakuna aliyesema neno.

Habari ya rejeta nayo yafaa mwijue, kwa kuwa ndiyo iliyoua gari. Visima vingi vya kwetu maji yake ni ya chumvi. Mzee alikuwa akitia maji hayo miaka yote, na ndani ya vijibomba vya rejeta pakajaa ukoko kama ule wa birika. Maji hayapiti, injini yachemka. Na hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, si chuma kizito. Ikichemka sana hupinda. Tuliipima hedi kwa rula ya chuma, tukashukuru haijapinda. Rejeta tuliipeleka kwa fundi Wote akaifungua na kuizibua. Tangu hapo ni marufuku kutia maji ya kisima. Hutiwa maji ya mvua kutoka tangi la nyumba, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Na kifuniko chake hakifunguliwi injini ikiwa moto, maana maji yale yamebanwa, na ukiyafungulia yatakurukia usoni.

Siku ya tano rangi ilikuwa imekauka, waya mpya zimefungwa, mpira wa petroli ni mpya. Pale chini ya boneti palipendeza. Yakabaki mambo ya moto: plagi, distributa na waya zake. Zile waya za plagi panya walikuwa wamezikata tangu zamani, kwa hiyo hazikuwamo katika daftari letu. Sisi tumezoea magari ya Kijapani, ambayo silinda ya kwanza ni ile ya mbele, penye feni. Tukahesabu hivyo. Kijana akasema kwa adabu, “Wazee wangu, fundi wa sokoni nilimwona akihesabu kutoka nyuma.” Tukamwambia anyamaze, ashike tochi.

Ndugu, kijana alikuwa na haki. Katika Peugeot hii silinda ya kwanza ni ya nyuma, penye gia. Mpango wa kuwaka ni 1-3-4-2, na ukihesabu kutoka mbele mpango waonekana ule ule, lakini cheche yafika katika silinda isiyo yake, wakati mlango wa petroli wa silinda hiyo waanza kufunguka. Tulipopiga stata, injini ilipiga chafya, na moto ukatoka katika kabureta. Kifuniko cha hewa tulikuwa hatujakirudisha. Na juu ya bodi palikuwa na tambara lililolowa petroli.

Tambara likawaka. Sisi watu wazima wanne, wenye miaka mingi katika kazi hii, tuliruka nyuma. Kijana ndiye aliyeshika tambara akalitupa chini na kulifukia kwa mchanga, kisha akachukua gunia lililolowa maji akafunika kabureta. Moto ukafa. Gari likapona, rangi yetu ikapona. Mkono wake wa kulia uliungua.

Alipelekwa kufungwa dawa. Aliyelipa ni mama yake, kwa pesa ya kuku aliouza.

Jioni mama huyo akaja. Hakupiga kelele. Alitusalimu mmoja mmoja, akaketi, akamwambia mzee, “Kaka, mtoto hana ubaya na kazi. Lakini hawa wageni wako si ndio watu wa chama cha wafanyakazi?” Akaaga, akaenda zake.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema, “Hii ilikuwa ni mwethya. Ni desturi yetu Wakamba kusaidiana bila mshahara.” Maneno hayo yalitupendeza kwa muda kidogo, maana yalitutoa katika hatia. Kisha dereva wetu akauliza: mwethya ni nini? Mwethya ni kazi ya zamu. Leo twalima kwako, kesho kwangu, na kila mtu ana shamba la kulimiwa. Sisi wanne na mzee twaweza kusema ni mwethya, kwa kuwa mzee alitusaidia zamani, naye atatusaidia tena. Lakini kijana yule ana gari gani ambalo sisi tutakwenda kulitengeneza? Alifanya kazi kwa amri yetu, tangu asubuhi hadi jioni, kwa faida ya mwingine. Huyo si mtu wa mwethya, huyo ni kibarua. Na kibarua, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ni mtu anayelipwa kila jioni. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mfanyakazi ana haki ya ujira wa haki. Haikusema “isipokuwa mtoto wa dada”.

Asubuhi tukahesabu siku tano. Mzee, ambaye hakuwa na fedha mkononi, alisema atamlipa kwa kumchukulia mama yake maembe sokoni bila nauli. Kijana akajibu, “Mjomba, nashukuru, lakini maembe ni ya mama. Kazi nilifanya mimi.” Mzee alinyamaza kitambo, akacheka, akasema maneno hayo aliyasema yeye mwenyewe kwa tajiri wake ujanani. Basi tukachanga watu wanne, na mzee akaongeza alichoweza. Tukamrudishia mama pesa ya dawa. Kijana tukamlipa siku zake tano kwa kima cha kibarua wa mjengo pale sokoni, na siku nyingine nne zilizobaki akalipwa kila jioni. Siku hizo nne hakushika kitu kwa ule mkono. Alisimama na daftari akatuhesabia silinda, nasi tukamsikiliza.

Kwa hiyo, ndugu, kwa ninyi mtakaotengeneza magari nyumbani, na mko wengi, tumekubaliana mambo haya, nasi twaomba tawi liyakubali.

Kwanza, glavu, miwani na barakoa vinunuliwe kabla ya kopo la rangi. Kama fedha hazitoshi vyote, rangi ingoje.

Pili, petroli si sabuni. Injini ioshwe kwa mafuta ya taa kidogo au kwa sabuni na maji, mbali na jiko na mbali na sigara. Mchanga na gunia lililoloweshwa vikae karibu tangu asubuhi.

Tatu, oili chafu isimwagwe korongoni. Korongo lashuka mtoni, na katika mchanga wa mto ndimo mama zetu wachimbamo maji ya kunywa. Itiwe katika debe na kupelekwa gereji inayokusanya.

Nne, mwenye kushika tochi naye ana macho. Akisema neno, lipimwe kwanza.

Tano, mtu akianza kazi asubuhi, ujira wake utajwe asubuhi ile ile, na akiumia, dawa ni juu ya mwenye kazi. Awe mgeni, awe mtoto wa ndugu.

Pikapu ile sasa yapanda mlima bila kuchemka. Boneti ukiifungua utaona rangi safi, waya zimepangwa, na namba nne zilizoandikwa kwa brashi karibu na plagi, moja ikiwa nyuma. Namba hizo aliziandika kijana kwa mkono wa kushoto, nazo zimepinda kidogo. Mzee amekataza zisipakwe upya.

Mwezi ujao tutakwenda mbele ya waajiri kudai vifaa vya usalama na malipo ya vibarua kwa wakati. Twende. Lakini kila mmoja wetu kwanza aangalie nyumbani kwake, ni nani anayemfanyia kazi, na kama amemlipa.