Tusi Asilolisikia Kiziwi

Masomo: Mambo ya Walawi 19:14, 2 Samweli 9, Yohana 9

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo. Ni yale maneno yatokayo kinywani upesi, bila kufikiri, na kusahauliwa upesi vilevile na yule aliyeyasema.

Sikilizeni barabarani. Mtu akivuka bila kuangalia, dereva wa matatu hutoa kichwa dirishani na kupiga kelele, “Wewe ni kipofu?” Sikilizeni nyumbani. Mtoto akiitwa mara mbili asiitike, huambiwa, “Kiziwi wewe!” Mchezaji akikosa bao lililo wazi, watazamaji husema ana miguu ya kiwete. Mtu akitoa shauri lisilopendeza katika baraza, mwenzake husema arudishwe Mathari. Na yule aliye mzito wa kuelewa huitwa punguani au taahira, na watu wote hucheka.

Ukimwuliza msemaji kwa nini ametukana walemavu, atashangaa. Atajibu, “Sikumtukana mtu. Huo ni utani tu. Hata hakuna kipofu hapa.” Pengine ataongeza methali ya kwamba maneno makali hayavunji mfupa.

Je, ndugu, jibu hilo latosha mbele za Mungu?

Fungueni kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19. Katika sura hiyo Bwana anawaagiza Waisraeli jinsi ya kuishi na jirani: wawaachie maskini masazo ya mavuno, wasiibe, wasizuie ujira wa mfanyakazi hata asubuhi. Katikati ya maagizo hayo, mstari wa 14, wanakatazwa mambo mawili: kumlaani mtu asiyesikia, na kumwekea kwazo mtu asiyeona. Kisha wanaambiwa wamche Mungu wao.

Kwazo mbele ya asiyeona twaelewa mara moja. Atajikwaa, ataanguka, ataumia. Lakini yule asiyesikia ataumizwaje na laana asiyoisikia? Ukisimama nyuma yake na kumtukana, hatageuka. Hatalia wala hatakushtaki kwa mzee wa kijiji. Kwa hesabu ya wanadamu hakuna aliyeumia. Lakini Bwana alilikataza jambo hilo, na sababu yake imo katika mstari uo huo: mche Mungu. Kiziwi hasikii, lakini Muumba wake asikia. Tusi lililosemwa mahali ambapo mwenyewe hayupo limefika mbele ya kiti cha enzi kabla halijatoka mlangoni.

Hapo lile jibu la “hakuna kipofu hapa” laanguka. Sheria ya Mungu ilitungwa kwa ajili ya saa hiyo hasa, ambapo mwenyewe hayupo, au yupo na hawezi kujua.

Tena, tulitazame tusi lenyewe. Mwenye macho mawili mazima anapoitwa kipofu ili aone haya, ni kitu gani kimetumika kumwaibisha? Ni hali ya mtu mwingine. Ni kama kumwambia, “Umekuwa duni kama yule.” Basi yule mwingine, ambaye hakukosa neno, amefanywa kipimo cha ujinga na uzembe. Mpita njia ametukanwa mara moja. Asiyeona ametukanwa pamoja naye, na atatukanwa tena kesho kwa kosa la mtu mwingine.

Na mara nyingi yupo, wala hatujui. Katika hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019, waliohesabiwa kuwa na ulemavu, kuanzia umri wa miaka 5, walikuwa zaidi ya 900,000. Si ulemavu wote uonekanao kwa macho. Aketiye kwenye benchi la nyuma kanisani huenda ana kifafa, wala hakumwambia mtu. Mama aimbaye katika kwaya huenda ana mtoto nyumbani asiyeweza kusema wala kujilisha. Mhubiri akichekesha watu kwa habari za mwenye kifafa au za mwenda wazimu, mama huyo hatasimama kumpinga. Atakwenda nyumbani kimya. Na Jumapili ijayo, alipokuwa akifikiri kumleta mtoto kanisani kwa mara ya kwanza, atamfungia ndani. Hivyo ndivyo watoto wanavyofichwa. Mlango unaowafungia ulianza kujengwa kwa utani wa watu wema.

Biblia yenyewe yatuonyesha jinsi neno la utani linavyogeuka kuwa mlango uliofungwa. Katika 2 Samweli sura ya 5, Daudi alikwenda kuutwaa Yerusalemu. Wayebusi waliokaa mle walimdhihaki, wakasema kwamba hata vipofu na viwete wangetosha kumzuia. Ilikuwa dhihaka ya vita. Daudi naye akairudisha dhihaka hiyo kwa ukali. Kisha mstari wa 8 watuambia kwamba kutokana na hayo pakawa na msemo: kipofu na kiwete hataingia nyumbani. Tazameni safari ya neno hilo. Lilianza kama mzaha wa maadui ukutani, likawa msemo wa watu, na msemo ukawa kizuizi mlangoni. Wale waliozuiwa hawakuwa wamepigana na mtu yeyote.

Lakini, ashukuriwe Mungu, habari haikuishia hapo. Geuzeni kurasa chache mfike sura ya 9. Daudi yule yule anauliza kama amebaki mtu wa nyumba ya Sauli amtendee wema kwa ajili ya Yonathani. Anaambiwa yuko Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili. Alikuwa mtoto wa miaka 5 yaya wake alipokimbia naye kwa hofu, naye akaanguka. Aliletwa kutoka Lo-debari, akainama mbele ya mfalme, na akajiita mbwa aliyekufa. Twaweza kujiuliza mtu hujifunza wapi kujiita jina kama hilo. Mtu hazaliwi akijidharau.

Daudi hakulipokea jina hilo. Alimwita kwa jina lake, Mefiboshethi, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Na sura inapomalizika yatukumbusha tena kwamba alikuwa amelemaa miguu yote miwili. Miguu haikupona, bali heshima ilirudi. Na katika Mathayo 21:14, Mwana wa Daudi alipoingia hekaluni, vipofu na viwete walimwendea mle mle ndani naye akawaponya. Msemo wa kale ulivunjwa na Bwana mwenyewe.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, “Je, Bwana Yesu mwenyewe hakuwaita Mafarisayo viongozi vipofu?” Ni kweli, twasoma hivyo katika Mathayo 23. Lakini soma pamoja na hilo Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa haoni, wakaanza kujadiliana juu yake kana kwamba hasikii: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu aliukata mjadala huo. Si yeye wala si wazazi wake. Na mwishoni mwa sura, Mafarisayo walipouliza kama nao ni vipofu, aliwajibu kwamba kama wangekuwa vipofu wasingekuwa na dhambi; dhambi yao yakaa kwa sababu wanajidai kuona. Je, mmeliona jambo hilo? Bwana hakuyachukua macho ya maskini yule ili kuwaaibisha wengine. Alimwondolea lawama asiyeona, akaiweka juu ya wale wenye macho wasiotaka kuona. Anayetaka kutumia neno hilo kama Yesu, na alitumie kwa kusudi lile lile.

Hapo twapaswa kutaja pia tusi moja lipatikanalo kanisani kuliko sokoni. Ni lile la kumwambia mlemavu, “Hujapona kwa sababu imani yako ni haba,” au, “Hiyo ni laana ya wazee wenu.” Husemwa kwa sauti ya maombi, lakini jeraha lake ni kubwa kuliko la dereva wa matatu, maana dereva hasemi kwa jina la Mungu. Mstari wa 3 wa Yohana 9 umekwisha kuijibu hoja hiyo.

Basi tufanye nini? Tungependa kutoa mashauri manne.

La kwanza, tumwite mtu kwa jina lake. Marko angaliweza kuandika tu kwamba kipofu mmoja aliketi kando ya njia ya Yeriko. Lakini alitupa jina, Bartimayo, mwana wa Timayo. Katika vijiji vingi kuna mtu ajulikanaje kama “yule kiwete” au “yule bubu” mpaka anazeeka, na vijana hawajui kwamba alibatizwa kwa jina lake kama wao.

La pili, tuchague maneno kwa heshima. Kiswahili chenyewe chatufundisha. Neno kipofu laanza kama kiti na kisu, lakini hatusemi “kipofu kimekuja.” Twasema kipofu amekuja, vipofu wamekuja. Lugha ya wazee wetu yakumbuka kwamba tunamtaja mtu. Siku hizi wengi hupenda kusema asiyeona, au mtu mwenye ulemavu. Viziwi wengi, kwa upande wao, hujiita viziwi bila haya, na huko Tanzania hata chama chao chaitwa Chama cha Viziwi. Lisilowapendeza ni kuitwa mabubu, maana wanayo lugha yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ukiwa na shaka ni neno gani litumike, muulize mwenyewe. Bartimayo aliulizwa na Bwana anataka afanyiwe nini. Nasi hatutapungukiwa kitu tukiuliza.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 54, yasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshushia hadhi. Ni vizuri kwamba sheria ya nchi imesema hivyo. Lakini itakuwa aibu kama serikali italikumbuka jambo ambalo kanisa limelisahau, hali sisi tulilipewa tangu siku za Musa.

La tatu, tuwafundishe watoto mapema. Mtoto huiga kicheko kabla hajaelewa maana yake. Tuwaambie methali ya wazee wetu, hujafa hujaumbika. Tuwasimulie habari za Henry Wanyoike, Mkenya aliyezaliwa akiona, akapoteza karibu uwezo wote wa kuona mwaka 1995 akiwa kijana. Mwaka 2000 kule Sydney alishinda mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu, na karibu na mwisho kiongozi wake mwenye macho alikuwa amechoka, hata Wanyoike ndiye aliyemvuta mpaka mstarini. Lakini tuwaonye pia wasifikiri kwamba ni mshindi wa medali tu astahiliye heshima. Mtoto asiyeweza kushika kijiko ana sura ya Mungu nzima, haikupungua hata kidogo.

La nne, tusicheke. Mara nyingi utani hufa kwa kukosa wachekaji. Ndugu akisema neno la namna hiyo, tusimwaibishe mbele ya watu, maana hiyo nayo ni njia nyingine ya kudharau. Tumwite kando, tumweleze kwa upole. Wengi hawajui, na wakijua huacha.

Yakobo aufananisha ulimi na moto mdogo uunguzao msitu mkubwa, naye alishangaa kwamba kwa kinywa kile kile watu humhimidi Mungu na kuwalaani wanadamu waliofanywa kwa mfano wake. Wazee wetu nao walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maneno makali hayavunji mfupa, ndiyo. Lakini yaweza kumfanya mtu ajiite mbwa aliyekufa, na yaweza kumfungia mtoto chumbani miaka kumi.

Kumbukeni Musa. Bwana alipomtuma kwa Farao, alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Katika Kutoka 4:11 Bwana alimjibu kwa kumwuliza ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, ni nani amfanyaye mtu kuwa bubu au kiziwi, mwenye kuona au asiyeona. Wote alijihesabia kuwa wake. Anayeidharau kazi humdharau fundi.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, uliyeumba kinywa na sikio, twakushukuru kwa ndugu na dada zetu walemavu walio katika nyumba zetu na makanisa yetu. Uwafariji waliojeruhiwa kwa maneno. Uwape ujasiri wazazi wanaowaficha watoto wao, nasi utupe kuwapokea watakapokuja. Uulinde mlango wa midomo yetu barabarani, nyumbani na mimbarini, ili mtu yeyote asiondoke mezani pako kwa sababu ya utani wetu. Twaomba katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.