Hotuba Juu ya Homa ya Mapafu ya Ng'ombe



Karo za watoto wetu na mahari za vijana wetu hutoka zizini. Kwa hiyo yatupasa kusema waziwazi juu ya homa ya mapafu, ambayo ndugu zetu Wamaasai huiita olkipiei.

Ugonjwa huu hauletwi na baridi, wala na jicho baya la jirani. Waletwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo Nocard na Roux wa Ufaransa walifaulu kuviotesha mwaka 1898. Ng'ombe mgonjwa akikohoa, huvitoa katika matone ya pumzi, na mwenzake aliye karibu huvivuta ndani. Mapafu huwa magumu, kifua hujaa maji ya manjano, na mnyama husimama amenyosha shingo akitafuta pumzi.

Bakteria wengi wana ukuta wa nje, na penisilini huwaua kwa kuuharibu ukuta huo. Hawa hawana ukuta. Ndiyo sababu penisilini haifai kitu hapa.

Lakini ng'ombe wa kuogopwa zaidi si yule anayekufa, bali yule anayeonekana amepona. Kifuani mwake kipande cha pafu kilichokufa hufungwa ndani ya gamba gumu, na vijidudu huweza kuishi humo miezi mingi. Mnyama hunenepa, naye hupata bei nzuri mnadani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kinga ipo. Chanjo iitwayo T1/44 ilitokana na vijidudu vilivyopatikana Tanganyika, vikapunguzwa nguvu kwa kupitishwa katika mayai ya kuku mara 44. Haimponyi aliyekwisha kuugua, na nguvu yake ni ya mwaka mmoja hivi. Basi tuchanje kila mwaka.

Mwenye kusikia kikohozi zizini na amwarifu Bwana Mifugo siku ile ile, asikimbilie mnadani. Twajua karantini huumiza: hakuna kuuza, na karo hudaiwa vile vile. Ndiyo maana twaomba mkutano huu ukubali kwamba mwanachama ambaye zizi lake limefungwa kwa kusema kweli asaidiwe karo na mfuko wa chama. Tukimwacha peke yake, mwingine ataficha, nasi sote tutalipa.