Kawia Ufike: Maneno kwa Wazee Wetu Waimbaji

(Hotuba iliyosomwa katika sherehe ya utamaduni, mbele ya wakazi wa kambi na wageni wa mashirika)



Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya nyimbo zetu. Naomba nianze na jirani yangu. Mimi ni mtu wa Gitega, yeye ni mama wa Muyinga, tena ana wajukuu. Jioni moja alifikiwa na mwenzake ambaye hawakuonana siku nyingi. Wakakumbatiana, akamwamkia kwa akazehe, ile salamu ndefu ya kuimbwa ya wanawake wa kwetu. Watu waliokuwa bombani waliacha ndoo zao wakasogea kusikiliza. Baadaye nikamwambia, “Mama, sauti hii inafaa kurekodiwa.” Akacheka. “Mwanangu, hayo ni ya vijana. Mimi nimeshachelewa.”

Leo nataka kumjibu mama huyo, na wazee wote wenye inanga, umuduri na ikembe wanaosema kama yeye.

Pale Unguja alikuwako Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba. Wazazi wake walikuwa watumwa. Hakusoma shule. Alitembeza vyungu akiviuza, na sauti yake ndiyo iliyowaita wanunuzi. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, ndipo akajiunga na wapiga ala. Mwaka 1928, akikaribia miaka hamsini, alisafiri pamoja na wenzake kwenda Bombay, India, kurekodi santuri. Wakati ule taarabu iliimbwa zaidi kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya watu wa kawaida.

Nyuma yake akaja Fatuma binti Baraka, ambaye wengi walimwita Bi Kidude. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Kwa miaka mingi aliimba kwenye harusi na kupiga ngoma za unyago. Alipokuja kujulikana Ulaya alikuwa tayari bibi kizee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, mbele ya watu wa muziki kutoka nchi nyingi. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na karibu hadi mwisho wake alikuwa akipanda jukwaani.

Ndugu zangu, wanawake hawa hawakuanza kujifunza kuimba siku walipoitwa kurekodi. Kazi walikuwa nayo miaka yote, harusini na njiani. Kilichochelewa ni mlango. Siti alipata wapiga ala wa kumsindikiza na watu wa kumpeleka penye mitambo. Kwa hiyo mama yangu wa Muyinga hakuchelewa. Sisi ndio tuliochelewa kumfungulia.

Lakini kufungua mlango peke yake hakutoshi. Sisi wa Gitega tuna funzo letu. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ufalme, na huko Gishora, karibu na mji wa Gitega, ngoma za mfalme zilitunzwa na familia zilizorithishana kazi hiyo. Mwaka 1967 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi. Mwaka 1971 huko Ufaransa mdundo ule ulichanganywa na vyombo vya kisasa, ikatoka santuri iliyoitwa Burundi Black. Ulaya ikacheza ngoma yetu bila kuyajua majina ya mikono iliyoipiga. Baadaye wapiga ngoma wenyewe walipanda majukwaa ya ng’ambo, kama kwenye tamasha la WOMAD la Uingereza mwaka 1982. Na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma ya kifalme katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hata hivyo tukumbuke: sauti ilitangulia kusafiri, wenyewe wakafuata.

Wahenga wa pwani husema, mcheza kwao hutunzwa. Je, sisi tulio mbali na kwetu, atatutunza nani? Naomba mambo matatu.

La kwanza, kila kijiji cha kambi kiandike wazee wake waimbaji: jina, ala yake, na kilima alichotoka. Vijana mliosoma, kazi hiyo ni yenu.

La pili, wageni wetu wa mashirika, mnapokuja na vinasa sauti na kamera tunawakaribisha. Lakini mwombeni mzee ruhusa kwanza, mwandike jina lake, na mumrudishie nakala asikie mwenyewe. Na wimbo ukipata fedha, mwenye wimbo apate sehemu yake.

La tatu, wazee wetu, msituambie tena kwamba mmechelewa. Tuliondoka na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Ng’ombe walibaki, mashamba yakabaki. Nyimbo hazikuhitaji mtu wa kuzibeba, zilikuja zenyewe ndani yenu. Mkiondoka hamjatufundisha, tutarudi Muyinga na Gitega mikono mitupu.

Mama yangu yupo hapa mbele, amekaa safu ya pili. Sitamtaja jina, maana ruhusa hiyo bado hajanipa. Ila namwomba asimame atuamkie, na vijana wa kwaya wamwitikie. Kawia ufike, Mama.