Kumtunza Mwenye Selimundu

Mtoto akilia usiku kwa maumivu ya mifupa, hapa Kang'ata kama kwingineko, pengine majirani hunong'ona kuwa mama yake ndiye mwenye kosa. Sivyo. Katika selimundu, chembe nyekundu za damu hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Ndipo maumivu hutokea. Mtoto hurithi ugonjwa huu kwa wazazi wote wawili, ijapokuwa wao huonekana wazima.

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mwenye fungu moja tu la urithi huo hukingwa kwa kadiri na malaria. Lakini mwenye mafungu mawili, malaria humdhuru mno.

Basi tumsaidieje? Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Akishikwa na homa, apelekwe hospitali siku ile ile. Zaidi ya hayo, asemapo "Naumwa," tumsadiki, asiitwe mvivu. Nawe baba, usimwachie mama mzigo peke yake: urithi ule ni wenu nyote wawili.