ZAWADI YA NDUGU ALIYE NG'AMBO: IJULIKANE, IANDIKWE, IFIKE

(Maneno yaliyosemwa na mjumbe wa kamati ya jamii katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Nakivale, Uganda)

Ndugu Mwenyekiti,
Mheshimiwa Kamanda wa Kambi na wenzako wa Ofisi ya Waziri Mkuu,
Wawakilishi wa UNHCR na wa mashirika,
Viongozi wa RWC wa kila zoni,
Wazee wetu, akina mama, vijana, wakimbizi wenzangu,



Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya pesa tunazotumiwa na ndugu zetu waliopata nafasi ya kuhamia Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Jambo hili linagusa nyumba nyingi hapa. Tangu Julai 2023, WFP ilipogawa familia za wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kufuatana na uhitaji, na posho za wengi zikapungua au kukatwa, zawadi ya ndugu imekuwa ndiyo karo ya mtoto, dawa ya mzee, na mabati ya nyumba inayovuja. Kwa hiyo ikipotea njiani, au ikileta ugomvi ikifika, hasara yake ni kubwa.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nasimama kwenye hilo la pili.

Kwanza, tujue pesa inakatwa wapi. Nitatoa mfano, na hesabu zake ni za mfano tu. Ndugu yako aliye Marekani anataka upate dola 100. Analipa ada ya dola 4 juu yake. Sokoni dola 1 ni shilingi 3,700, lakini kampuni inakuhesabia 3,600. Hapo shilingi 10,000 zimekwenda bila mtu kuziita ada. Unapokea shilingi 360,000 kwenye simu. Ukizitoa, serikali inakata nusu ya asilimia 1, yaani shilingi 1,800, na wakala naye ana ada yake. Ukijumlisha, kabla hata ya ada ya wakala, shilingi 26,600 zimebaki njiani. Hiyo ni karibu asilimia 7 ya alichotoa ndugu yako. Mataifa yalikubaliana katika malengo ya maendeleo kwamba ifikapo mwaka 2030 gharama hii ishuke chini ya asilimia 3. Afrika kusini ya Sahara imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu ambako kupokea pesa ni ghali zaidi duniani.

Hiyo kodi ya kutoa pesa ina historia yake. Julai 2018 ilianza kwa asilimia 1, ikigusa kuweka, kutuma na kutoa. Wananchi walilalamika sana, na Novemba mwaka huo huo ikashushwa hadi nusu ya asilimia, ikabaki kwenye kutoa tu. Basi usitoe kidogo kidogo kila siku, kwa sababu ada ya wakala utailipa kila mara. Na kama dukani wanapokea malipo kwa simu, uliza kwanza ipi ni nafuu.

Upande wa mtumaji pia kuna jipya. Sheria iliyotiwa saini Marekani tarehe 4 Julai 2025 iliweka kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Inamgusa anayelipa kwa pesa taslimu. Anayelipa kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya huko haimgusi. Mwambie ndugu yako; pengine hajui.

Pili, ni jina. Wengi wetu tuliandikishwa tukiwa tumechoka na safari, na karani akaandika alivyosikia. Mulamba akawa Muramba. Jina la baba likatangulia la ubatizo. Ndugu yako akituma kwa jina lile mlilokuwa mkiitana nyumbani, dirishani utaambiwa kadi na karatasi havilingani. Pesa italala huko, na mgonjwa anangoja. Dawa yake ni rahisi: mtumie ndugu jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya mkimbizi. Kama kadi yenyewe ina kosa, peleka shauri kwenye dawati la uandikishaji sasa, kabla hujapata shida.

Jambo hilo linahusu simu pia. Zamani wengi walitumia laini iliyoandikishwa kwa jina la jirani Mganda, kwa wema wake. Lakini mbele ya kampuni, mwenye laini ndiye mwenye pesa. Akihama, au akifariki, utadai kwa nani? Mwaka 2019 mamlaka ya mawasiliano ya Uganda iliruhusu barua ya uthibitisho wa familia itumike kuandikisha laini, pamoja na kadi ya mkimbizi. Mwenye laini ya kuazima afanye hima apate yake.

Na namba ya siri ni yako peke yako. Anayepiga simu kusema "nimekutumia kwa makosa, nirudishie" asikukimbize. Tazama salio lako kwanza. Hakuna mfanyakazi wa shirika wala wa kampuni anayestahili kuijua namba yako ya siri.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza zaidi, ni ugomvi wa ndugu. Kamati iliwahi kusikiliza shauri la nyumba tatu za ukoo mmoja. Dada yao aliye Kanada aliwaambia anatuma dola 300 za matanga ya baba yao, wagawane. Watu wakapiga hesabu ya dola ya Marekani, wakangoja zaidi ya shilingi milioni moja. Kaka mkubwa akaleta laki saba na elfu sitini. Wakamwita mwizi mbele ya wageni wa msiba. Ilipoletwa karatasi ya kampuni, ikaonekana zilikuwa dola za Kanada, ambazo thamani yake ni ndogo, na ada imekatwa humo humo. Kaka hakula hata senti. Lakini neno limekwisha kutoka, na hadi leo nyumba mbili hazisalimiani vizuri.

Kwa hiyo tunawaomba kila familia iwe na daftari moja. Zawadi ikifika, andikeni mambo matatu: kilichotolewa, kwa dola ya nchi gani, kilichokatwa, na kilichofika mkononi. Kisha mtumieni ndugu picha ya ukurasa huo. Yeye huko analipa kodi ya nyumba, na wengine hufanya kazi usiku. Akiona pesa yake imenunua nini, moyo wake unatulia. Asipoona, anaanza kusikiliza maneno ya watu.

Na tusisahau kwamba sisi nasi ni watumaji. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zikafunga milango na pesa taslimu zikaadimika. Wapo hapa waliopunguza chakula chao ili kuwasaidia waliobaki kule. Basi tunajua jinsi mtumaji anavyongoja kuambiwa, "Imefika."

Kwa mashirika tuna ombi moja: mafunzo ya hesabu hizi yatolewe kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali, na bei za mawakala zibandikwe mahali pa wazi, hata asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

Yangu ni hayo. Mungu awalinde ndugu zetu popote walipo.