Kabla ya Kuleta Watoto Naivasha
(Maneno aliyowaambia wanachama katibu wa tawi)

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wenu mmepata kazi ya maua, na sasa mwataka kuleta mama na watoto. Nawauliza: mliandikwa mwezi gani? Kabla ya tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, Ulaya hununua waridi nyingi mno, na mashamba huandika watu wengi. Ikifika Julai, bustani za huko zina maua yao wenyewe, na kibarua huambiwa akapumzike. Mwenye nyumba wa Karagita hapumziki. Kodi anataka kila mwezi.

Tafuteni kazi isiyokoma: kupogoa, kupiga dawa, kuangalia mifereji ya maji. Waridi halilali. Na ujue Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi mmoja huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi, wala haachishwi bila notisi ya siku 28. Ndiyo maana wengine hupewa karatasi ya miezi michache tu, na tarehe ya mwisho imekwisha andikwa. Itazameni tarehe hiyo! Asiyeweza kuisoma ailete ofisini tuisome pamoja, kabla hajamwondoa mtoto shuleni kwao.